Bei ya Kushindwa: Pambano la Mwanamume na Mwanamke katika Maonyesho ya Pwani

Utangulizi

Kiswahili kina semi mbili za mieleka ambazo hazilingani. Kupigana mieleka ni kushindana kwa kukamatana na kuangushana. Kitendo ni cha wawili, na kauli ya kutendana huwagawia sawasawa. Kupiga mweleka ni kuanguka kwa kishindo: mtu yuko chini, peke yake, na aliyemwangusha hatajwi. Lugha hii hii humfanya mwanamume aoe na mwanamke aolewe, kisha huwapatanisha kwa kusema kwamba wameoana. Baina ya kauli hizo tatu, ya kutenda, ya kutendwa na ya kutendana, ndipo penye tatizo linalochunguzwa na makala haya. Yapo maonyesho ambamo mwanamume na mwanamke hushindana mbele ya hadhira, ilhali matokeo yamekwisha kukubaliwa kabla pambano halijaanza. Wahakiki wengi huyatazama maonyesho ya namna hiyo kwa swali moja tu, yaani nani ameshinda. Makala haya yanadai kwamba swali hilo halina faida kubwa, maadamu jibu lake lilijulikana tangu mwanzo, na kwamba swali lenye uzito ni nani aliyelipwa ili ashindwe, na nani asiyelipwa.

Mahali pafaapo pa kuanzia ni Ziwa la Ng'ombe, mtaa wa Kisauni katika bara ya kaskazini ya Mombasa, ambao tangu uchaguzi wa 2013 ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Nyali. Mtaa huu uko karibu na Bombolulu na hauko mbali na Freretown, kijiji kilichoanzishwa na Church Missionary Society katika miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Wakazi wake ni mchanganyiko unaojulikana kote Kisauni: Wamijikenda, Waswahili, na watu wa bara waliofuata kazi za bandari, viwanda na hoteli. Kwa sababu hiyo, aina za maonyesho ambazo kwingineko hutenganishwa na mwanafasihi, hii ikiwa ya kimila na ile ya kisasa, hapa hukaa kwenye uchochoro mmoja. Harusi hupita mlangoni na ngoma zake. Mieleka ya Marekani huonekana kwenye televisheni ya jirani. Na jioni yuko kijana anayevaa maleba kwenda kucheza mbele ya watalii katika hoteli za Nyali na Bamburi. Mkazi wa hapo hahitaji kuelezwa kwamba vyote vitatu ni maonyesho, wala kwamba vyote vitatu vina malipo.

Roland Barthes, katika insha yake mashuhuri juu ya mieleka ya jukwaani iliyotoka katika kitabu cha 1957, alisema kwamba mtazamaji wa mieleka hiyo hajali kama pambano limepangwa au la. Anachotaka ni kuona mateso, ghadhabu na haki vikidhihirishwa waziwazi. Kauli hiyo imetusaidia kuacha kuiita mieleka udanganyifu. Lakini Barthes alikuwa akitazama wanaume wakipambana na wanaume. Mwanamke anapoingia ulingoni, suala la mpango linarudi, kwa kuwa mpango wenyewe ni mkataba wa kijinsia: kuna aliyekubali kulala chini, na kukubali huko kuna historia.

Mlangoni

Katika harusi ya Waswahili wa Mombasa bwana harusi hamfikii mkewe kwa nikaha peke yake. Nikaha ni shughuli ya wanaume. Yupo kadhi au shekhe, yupo walii, wapo mashahidi. Mahari yanatajwa, mkono unapewa, na kisheria mambo yamekwisha. Ndipo huanza shughuli ya pili ambayo sheria haiitambui. Bwana harusi anapofikishwa nyumbani huukuta mlango umefungwa, na nyuma yake wako wanawake: somo au kungwi, mashangazi, pengine bibi mzaa mama ambaye miguu imechoka lakini ulimi ungali na makali. Hupiga hodi, akajibiwa kwa kejeli. Huulizwa yeye ni nani na ametumwa na nani. Hutoa fedha, akaambiwa ni chache, hutoa tena. Mvutano huweza kuendelea mpaka wenzake wakaanza kuusukuma mlango kwa nje na wanawake wakausukuma kwa ndani, kwa vicheko na vigelegele, na mwishowe mlango hufunguka. Fedha hizo zina jina lake, kifungua mlango, na hazihesabiwi katika mahari. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, aliyaeleza mambo ya harusi kwa urefu. Yeye aliandika kuhusu mrima na si Mombasa, lakini msomaji wa Mombasa haoni ugeni katika maelezo yake.

Hili ni pambano la mwanamume na mwanamke kwa kila kipimo cha sanaa za maonyesho. Lina ulingo, ambao ni kizingiti. Lina hadhira ya pande mbili, kanuni, na mazungumzo ya kubuni papo hapo juu ya msuko usiobadilika. Na matokeo yake yanajulikana, kwani bwana harusi ataingia tu. Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba hii ni sherehe ya kushindwa kwa mwanamke, taasubi ya kiume iliyovishwa vikuba vya asumini. Usomaji huo haukosi ukweli, lakini unapuuza fedha. Wanaoshindwa mlangoni ndio wanaolipwa. Wanakuuza kushindwa kwao, na bei hupandishwa na ukali wa upinzani. Mlango unaofunguliwa upesi huleta fedha kidogo na humvunjia heshima bibi harusi. Unaochelewa mno huudhi ukoo wa mume. Kwa hiyo kungwi hodari ni yule ajuaye kushindwa polepole.

Hata hivyo, anayelipwa siye anayetolewa, na hapa ndipo pambano linapoacha kuwa la kuchekesha. Bibi harusi yumo chumbani, ameinamisha kichwa, macho chini kama adabu inavyotaka, wala hasemi neno. Pambano lote limepiganwa juu yake bila yeye. Mlango ukishafunguka, la kuigiza limekwisha, na linalomkabili yeye si la kuigiza. Katika desturi ya zamani, kungwi yule yule aliyekuwa mlinzi wa mlango ndiye aliyengojea kisarawanda, kile kitambaa cha kitandani kilichokuwa ushahidi wa ubikira, akakipeleka kwa wazee kwa shangwe na kupata zawadi nyingine. Dakika chache zimetosha kumhamisha kutoka upande wa bibi harusi hadi upande wa mume. Uhakiki wa kijinsia uliozoeleka katika vyuo vyetu, ambao huwahesabu wanawake wote upande mmoja wa ulingo na wanaume wote upande wa pili, hauwezi kukieleza kitendo hicho.

Historia ya Mombasa yaweza. Margaret Strobel, katika utafiti wake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa uliochapishwa mwaka 1979, ameonyesha jinsi miviga ya makungwi na ngoma ya vugo, ambayo wanawake huicheza kwa kugonga pembe za nyati, ilivyofungamana na wanawake wa asili ya watumwa. Wao ndio waliokuwa na elimu ya unyago, na wao ndio waliowafunda mabinti wa waungwana. Tukilijua hilo, kifungua mlango hakiwi tena fedha iliyotoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke. Inakuwa fedha iliyotoka katika mfuko wa mwungwana kwenda katika mkono ambao babu zake walimiliki. Mwanamke wa tabaka la chini alimzuia mwanamume wa tabaka la juu mlangoni, akamtukana kwa idhini, akalipwa kwa matusi hayo. Binti wa mwungwana, ambaye kwa siku nyingine zote alikuwa juu ya kungwi wake, usiku huo alikuwa ndiye mtaji. Ni uchungu kidogo kukumbuka kwamba wamisionari wa Freretown, waliokuja kwa ajili ya ukombozi wa watumwa, hawakuiona katika ngoma isipokuwa ushenzi wa kukomeshwa.

Tamthilia ya Kiswahili imelijua jambo hili kabla ya wahakiki wake. Anayekisoma Nguzo Mama cha Penina Muhando (1982) kwa swali la nani ameshinda ataona tu kwamba wanawake wameshindwa kuisimamisha nguzo. Anayesoma kwa kufuata maslahi ataona kwamba kila mhusika ana sababu yake ya kuiachilia, na kwamba wanaume hawakuhitaji kuiangusha.

Uasi wa Siku Moja

Mwanaanthropolojia Max Gluckman, katika mhadhara wa 1952 uliochapishwa miaka miwili baadaye, aliandika juu ya ibada ambazo aliziita za uasi. Mfano wake mmoja ulikuwa wanawake wa Kizulu ambao katika ibada ya Nomkubulwana walivaa mavazi ya wanaume na kuchunga ng'ombe, kazi iliyokuwa mwiko kwao. Hoja yake ni kwamba uasi wa namna hiyo huuimarisha utaratibu unaouasi. Watu hupewa siku moja ya kupindua mambo ili siku nyingine yabaki yalivyo. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huonekana kumthibitisha. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa vigogo vya migomba, kibanda huchomwa moto, na wanawake waliovaa nguo zao nzuri huzunguka wakiimba, pamoja na nyimbo za mapenzi na za kuwabeza wanaume. Mapigano ya mwili ni ya wanaume. Ya ulimi ni ya wanawake. Na kesho yake kila mtu hurudi shambani. Mlango wa harusi nao ungemfurahisha Gluckman.

Lelemama isingemfurahisha. Vyama vya lelemama vya Mombasa vilikuwa vya wanawake wakishindana na wanawake, na ushindani wa Ibinaal Watan na Banu Saada ulikuwa mkali kiasi cha kugawanya ndugu. Vilikulia katika kivuli cha beni za wanaume, Kingi na Skochi, ambazo Terence Ranger amezieleza katika kitabu chake cha 1975: bendi zilizoiga jeshi na dola ya mkoloni, na vyeo vyake. Wanawake nao walikuwa na vyeo, na cheo kilipatikana kwa gharama ya karamu. Mwanamume katika lelemama alikuwa mtazamaji, mara nyingi mlipaji asiye na hiari. Kilichokosekana ni mkataba wa kushindwa. Hakuna aliyemlipa Ibinaal Watan ili Banu Saada ishinde. Kila upande ulitaka ushindi wa kweli, kwa hiyo kila upande ulilazimika kujifunza mambo ya kweli: kuchanga fedha na kuzitunza, kuitisha mkutano, kuchagua viongozi, kulumbana hadharani na kusimama juu ya neno.

Mafunzo hayo hayakupotea. Strobel, katika makala ya 1976, amefuatilia safari ya wanawake hao kutoka lelemama hadi siasa za kudai haki, kupitia vyama vya wanawake Waislamu vilivyoundwa katika miaka ya 1950. Katika uchaguzi wa 1957 wanawake Waarabu wa Mombasa hawakuruhusiwa kupiga kura. Mwaka 1958 walipeleka ombi la kuidai haki hiyo. Ni vigumu kuamini kwamba ombi hilo lingeweza kuandikwa na wanawake ambao shule yao pekee ya maonyesho ilikuwa mlango unaofunguka kila mara.

Ulingoni

Katika miaka ya 1990 mieleka ya Marekani iliingia katika nyumba za Kenya kwa njia ya televisheni, na watoto wa Kisauni waliyajua majina ya Hulk Hogan na Undertaker kama walivyoyajua ya wachezaji wa mpira. Kwa kuwa mieleka hiyo hutazamwa karibu na milango ile ile ya harusi, inafaa kusomwa kwa kipimo kile kile.

Mcheshi Andy Kaufman alianza mwaka 1979 kupigana mieleka na wanawake jukwaani, akijiita bingwa wa dunia wa mieleka ya jinsia mbili na kuahidi dola 1,000 kwa mwanamke atakayemwangusha. Ahadi hiyo ni kinyume kamili cha kifungua mlango. Kungwi hulipwa anaposhindwa; mwanamke wa Kaufman angelipwa akishinda tu, na onyesho liliwezekana kwa sababu aliyeahidi alitarajia kutolipa. Matusi aliyowatolea wanawake, kwamba wangerudi jikoni, yalikuwa mzaha juu ya wanaume wenye fikra hizo, au ndivyo watetezi wake wasemavyo. Hadhira ilizomea, na huenda ilikuwa na haki ya kuzomea.

Tarehe 17 Oktoba 1999, mjini Cleveland, Joan Laurer aliyejulikana kama Chyna alipambana na Jeff Jarrett kwa ajili ya taji ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulitwaa. Jarrett, katika nafasi aliyoigiza, alikuwa mwanamume anayehubiri kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani. Kwa hiyo kanuni ya pambano ilikuwa kwamba silaha ziwe vyombo vya nyumbani. Mtazamaji aliona sufuria, vyakula na vifaa vya usafi vikirushwa. Jarrett alimpiga Chyna kwa mkanda wa taji lenyewe akamlaza na kuhesabiwa mshindi. Mwamuzi akalianzisha upya pambano, kwa hoja kwamba mkanda si chombo cha nyumbani. Chyna akamaliza kwa kumpiga mwenzake kwa gitaa, akatwaa taji. Ushindi wa mwanamke uliokolewa na ile ile kanuni iliyokusudiwa kumdhalilisha. Hilo ni wazo la mtunzi stadi, na halistahili dharau ambayo wanafasihi huionyesha kwa sanaa za aina hii.

Lakini sura nzito zaidi ilichezwa nje ya ulingo. Mkataba wa Jarrett ulikuwa umekwisha kabla ya pambano hilo, na hakuingia ulingoni mpaka alipolipwa fedha alizozidai. Mwanamume alifunga mlango, akataka chake, akalipwa, akafungua. Kwa usiku mmoja Jarrett alikuwa kungwi. Na Chyna, aliyeinuliwa mkono mbele ya maelfu, alikuwa mahali pa bibi harusi kuliko alivyojua: bei ya pambano ilikuwa imejadiliwa na wanaume wawili, mwajiri na mshindwa, bila yeye. Aliiacha kampuni hiyo mwaka 2001 na kufariki mwaka 2016.

Afrika ya kati na ya mashariki ina mieleka yake ya jukwaani. Wanawake wa Kinshasa wamejijengea majina katika ulingo unaochanganya mabavu na uganga. Huko Mukono, Uganda, vijana wa kike na wa kiume walijulikana mwaka 2023 kwa mieleka ya kwenye matope, ndani ya ulingo wa miti, chini ya mtangazaji Daniel Bumba aitwaye Bumbash. Hapo wasichana na wavulana hujifunza kuanguka pamoja, na kuanguka ndilo somo la kwanza, kwa maana asiyejua kuanguka huvunjika. Na mambo ya aina hiyo hayako mbali na vichekesho vyetu: miaka mingi ya Vitimbi ilijengwa juu ya Mzee Ojwang kutishia na Mama Kayai kutotishika.

Asiyejua kwamba ni Onyesho

Mkataba wa kushindwa unahitaji pande zote zijue kwamba zimo katika onyesho. Masimulizi ya pwani yanapenda sana hali ambamo upande mmoja haujui. Katika kisa cha Fumo Liyongo, walinzi wanaisikia ngoma ya gungu na kuifurahia, wasijue kwamba kelele zake zinaficha sauti ya tupa inayokata pingu. Na tupa hiyo imefika gerezani ndani ya mkate wa wishwa uliobebwa na kijakazi Saada, mkate ambao walinzi waliudharau. Onyesho ni la kweli kwa wote isipokuwa kwa wenye mamlaka.

Mfano wa kihistoria ulio karibu zaidi na Ziwa la Ng'ombe, kwa kuwa sehemu ya wakazi wake ni wana wa Giriama, ni wa Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma iliyohusu maombolezo, na watu wakamfuata na kula viapo vya kuipinga serikali ya mkoloni iliyotaka kodi na vibarua. Masimulizi ya Wagiriama yanaeleza kwamba alimkabili afisa Arthur Champion barazani akiwa na kuku na vifaranga vyake, akamtaka achukue kifaranga kimoja. Champion alinyoosha mkono, kuku akamdonoa. Hivyo ndivyo utakavyofanyiwa, akaambiwa, ukiwachukua vijana wetu. Masimulizi mengine yanaongeza kofi.

Mwanahistoria atauliza kama kofi lilipigwa. Kwa mhakiki, kinachovutia ni umbo. Mwanamke, tena mjane, amemwita mwanamume mwenye bunduki kwenye pambano lenye kanuni, maleba na hadhira. Ni mlango wa harusi uliopinduliwa: yuko mwanamume anayetaka kuingia na kuchukua watoto wa nyumba, yuko mwanamke kizingitini, na kejeli yenye ustadi. Tofauti ni kwamba safari hii mwanamke hakuweka bei. Champion, ambaye alidhani yuko katika baraza la serikali, aligundua kwa kuchelewa kwamba alikuwa amepewa nafasi katika mchezo, na kwamba nafasi hiyo ilikuwa ya kushindwa.

Malindi sasa ina sanamu ya Mekatilili, na kila mwaka mwezi wa Agosti hufanywa sherehe za kumkumbuka. Kila kisa hiki kinapoigizwa, lazima apatikane kijana wa kukubali kuwa Champion, kudonolewa na kuzomewa, naye hufanya hivyo kwa furaha, kwa chakula au kwa nauli. Champion wa 1913 hakuwa na mkataba kama huo. Masimulizi yanasema kwamba alimfyatulia kuku risasi. Mnamo Oktoba Mekatilili alikamatwa, akapelekwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola hadi Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka uliofuata alitoroka na kurudi kwao, na mnamo Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti.